Mwalimu wa Kompyuta ya Koboko

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimeona lori langu likiungua na mbao zote juu yake kabla halijafika Koboko, nikasimama kando ya barabara nikala muhindi wa kuchoma mpaka moto ukaisha, kwa sababu machozi yangu yasingetosha kuuzima. Nimechangia matanga ya mtu, na mwaka uliofuata mtu huyo huyo akaja dukani kwangu kununua misumari. Nilianza kwa kuuza misumari hiyo hiyo mmoja mmoja, nimeitandaza juu ya gunia katika soko la Arua, wakati Arua haijaitwa jiji. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi Arua, nina yadi ya mbao Koboko, nina malori yanayokwenda na kurudi, na nyumba yangu ya Awindiri ina vigae ambavyo watu husimamisha boda ili wavitazame. Shule niliacha darasa la tano. Nasema hivyo bila haya, maana waliomaliza vyuo ndio wanaonibishia hodi asubuhi wakitafuta kazi.

Lakini kushangaa ni jambo moja na kuchefuka ni jambo lingine. Mwalimu hakunishangaza hata siku moja. Alinichefua. Alinichefua miaka yote aliyokaa kwangu, na nikikumbuka jinsi alivyonifikisha kwenye zabuni ya mbao za madarasa, zabuni ambayo ilikuwa ichukue jina langu lote iende nalo, natema mate hadi leo.

Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, sijui na sikuuliza. Ninachojua ni kwamba alinifundisha darasa la tatu, mimi nikikaa dawati la nyuma, na alipostaafu nilimpa kazi ya ofisi katika yadi yangu ya Koboko. Watu walinisifu sana kwa hilo, na walikuwa na haki ya kunisifu. Ni wangapi wanaoweza kusema kwamba mtu aliyewachapa viboko sasa anapokea mshahara mikononi mwao?

Nianze na mikono yake, kwa kuwa ndiyo iliyoanza kunitia kinyaa. Mwalimu alikuwa mtu wa kula akiandika. Karanga za kukaanga zilikuwa mfukoni mwa koti lake mwaka mzima, na msimu wa kumbikumbi ukifika alihamia kwenye kumbikumbi. Kibodi ya kompyuta ya Koboko ilikuwa na mabawa yao kati ya herufi. Tena alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kubonyeza, kama anayefunua kurasa za rejista. Kulamba, kubonyeza. Kulamba, kubonyeza. Nilikuwa nikikaa upande wa pili wa meza, namtazama, natamani kutoka nje. Siku moja nilishika mausi bila kufikiri, na nilipoinua mkono wangu mausi ilikuja nao. Nikaosha mkono kwa petroli.

Skrini nayo aliifuta kwa leso. Leso ile ile aliyopengea mafua. Nikimwambia, alinitazama kwa macho ya darasani na kusema mbele ya wateja, "Wewe mtoto, ulikuwa unakuja shule na makamasi mpaka kwa kidevu. Mimi ndio nilikufuta." Wateja wakacheka, wapakiaji wangu wakacheka. Mimi mwenye yadi nikabaki nimesimama kama nimeitwa mbele kwa kosa la kutokufanya zoezi.

Mambo ya wingu aliyaleta binti yangu mkubwa, aliyesomea uhasibu Kampala kwa pesa yangu. Kabla yake, kila bei ikibadilika Koboko ilibidi mtu aipigie simu Arua, na kila simu ilizaa kosa lake. Binti akasema tutumie folda moja inayokaa kwenye mtandao, wenyewe wanaiita wingu, na kompyuta ya Arua na ya Koboko zote ziwe zinaitazama hiyo hiyo. Akanieleza kwa lugha ya duka. "Baba, fikiri ni stoo yenye milango miwili, mmoja Arua, mmoja Koboko. Ukiweka kitu kwa mlango huu, kiko pia kwa ule. Ukikitoa huku, kimetoka na kule." Nilielewa papo hapo. Mimi akili yangu ni ya kuzaliwa, haikuletwa na mtu.

Mwalimu alielezwa asubuhi nzima. Alitikisa kichwa, akasema ni kama rejista ya shule, na tangu hapo wingu likawa mwanafunzi wake mtukutu. Alisema linakunywa bando kama ng'ombe aliyetoka mbali. Kwa hiyo alilisimamisha mchana kutwa ili bando isiishe, halafu jioni akalifungua kidogo, simu ikiwa imeegemezwa dirishani, kwa kuwa kompyuta yake ilipata mtandao kupitia simu. Binti yangu akipiga kutoka Arua kuuliza faili liko wapi, jibu lilikuwa moja.

"Iko."

Akiuliza kama kwenye kona ya skrini, pale chini karibu na saa, kale kawingu kadogo kana alama nyekundu, Mwalimu alisema ndiyo, kana alama nyekundu. Basi faili halijaja, Mwalimu, binti alisema. Naye alijibu kwa utulivu kabisa, "Nyekundu iko rangi tu. Faili iko."

Nilikuwa nikisikiliza mazungumzo hayo kwenye spika ya simu, nikichefuka. Binti alimwelekeza hatua kwa hatua, kwa heshima kuliko anavyoniheshimu mimi. Angalia kama mtandao uko. Angalia kama wingu limesimamishwa. Angalia kama nafasi imejaa. Siku moja, alipokwama kabisa, alimwambia azime halafu awashe tena. Mwalimu akatoka nje akashusha swichi kubwa ya yadi nzima. Msumeno ukasimama katikati ya gogo la mvule, na wapakiaji wakaja mbio wakidhani mtu amekatwa. Alipoulizwa kwa nini, alisema mtu akiambiwa kuzima anazima, hachagui.

Na kila jioni alizima kila kitu ofisini, akihofia radi. Alikuwa na kisa cha redio ya shule iliyopasuka wakati wa mvua, akakirudia mpaka wapakiaji wakakijua kwa moyo. Saa ya kufunga ikifika, alichomoa waya zote ukutani, akafunika kompyuta kwa shuka la maua, akaifunga kwa mpira uliochanwa kutoka kwenye tairi kuukuu, kama mtu anayefunga mzigo juu ya baiskeli. Tatizo ni kwamba kompyuta ile ilikuwa ya zamani, na kile kibetri kidogo cha ndani kinachotunza saa kilikuwa kimekufa. Asubuhi Mwalimu akiiwasha, iliamka ikiamini ni mwaka wa zamani, kabla hata sijajenga yadi. Na wingu, likiona kompyuta inayosema iko mwaka wa zamani, linaikatalia mlango.

Mtu mwingine angelia, au angeniambia ninunue kibetri. Mwalimu hakumwambia mtu. Kila asubuhi alitoa simu, akatazama tarehe na saa, akalamba kidole, akairudisha kompyuta kwenye mwaka wetu. Kulikuwa na mahali pa kuifanya ijirekebishe yenyewe. Alipazima kwa sababu, alisema, ilikuwa ikimpinga.

Nisiseme kwamba hakuwa na upande mzuri, maana watu wa Koboko watanishika shati. Hakuiba hata msumari. Alipotaka kupigilia msumari ukutani ili atundike koti lake, aliulipia, akajiandikia risiti, akaiweka kwenye faili pamoja na za wateja. Wakati wa chakula aliwakusanya wapakiaji juu ya rundo la mbao na kuwafundisha kusoma, bila malipo, akitumia chaki kwenye ubao wa mvule ambao ningeuuza. Hilo pia lilinikera. Wapakiaji walipojua kusoma, kitu cha kwanza walichosoma ni karatasi zao za mshahara.

Na kwa wakati hakuwa na mchezo. Saa yake ya mkono aliipatanisha na redio kila asubuhi. Zamani alinichapa kwa kuchelewa, mimi niliyekuwa nauza kuni kabla ya kengele, na alipokuja kwangu aliendelea hivyo hivyo. Dereva akifika baada ya saa moja asubuhi, Mwalimu alimsimamisha getini na kumuuliza nyumbani kwake jua linachomoza upande gani. Madereva wenye ndevu walikuwa wakishuka mbali, wanakuja kwa miguu, ili aone kana kwamba walikuwa ndani tangu mapema.

Sasa zabuni.

Shirika moja lilitaka mbao na mabati ya kujengea madarasa kwenye makambi ya wakimbizi. Ni kazi ambayo kila mfanyabiashara wa Arua na Koboko aliikodolea macho. Ukiipata na kuitimiza, unaitwa tena, na tena, na watoto wako wataitwa. Ukiipata na kuikimbia, jina lako linaandikwa kwenye orodha ya watu wasioitwa, na hapo hata serikali haikununulii kitasa. Mimi jina langu nimelijenga kwa mikono. Hakuna baba aliyeniachia.

Wakati ule mbao zilikuwa zimepanda bei. Zinavuka kutoka Congo zinaingia Koboko, kwa hiyo Mwalimu ndiye wa kwanza kujua bei. Aliandika bei mpya kwenye faili la bei ndani ya folda ya wingu. Na aliandika vizuri, hilo nakubali. Siku hiyo hiyo, huku Arua, binti yangu alifungua faili hilo hilo akaongeza gharama ya usafiri. Wingu, likikuta watu wawili wameandika faili moja bila kuonana, linafanya kitu cha ajabu: halichagui. Linaweka mafaili yote mawili, moja kando ya lingine, la pili likiwa na jina la kompyuta iliyolileta. Linawaachia wenyewe waamue.

Binti yangu hakuyaona, alikuwa ameshafunga ofisi. Aliyeyaona ni Mwalimu. Na Mwalimu hakuweza kuvumilia faili moja kuwa mawili. Alisema ni kama mwanafunzi mmoja kuandikwa mara mbili kwenye rejista, mkaguzi akija ni aibu. Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake: anatazama lipi limeandikwa karibuni, analibakisha, na lingine anatupa. Likitupwa Koboko, limetupwa na Arua. Milango miwili, stoo moja.

Asubuhi binti yangu alikuta faili moja, safi, lina usafiri wake ndani. Akalichapisha. Nikatia sahihi kwa kalamu yangu ya dhahabu. Tukapeleka.

Tukashinda. Nilichinja mbuzi wawili Awindiri, nikapigia simu hata watu nisiowapenda. Mmoja wao, mwenye duka linalotazamana na langu, alikuja akala nyama yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini mbao za bei hiyo nazipata mbinguni. Nilimwambia akili za biashara hazifundishwi. Nakumbuka nilivyolisema, nikiwa na mfupa mkononi.

Lori la kwanza lilipokwenda Koboko kupakia, msimamizi wa yadi alinipigia. "Bosi, mbao iko. Lakini hii bei ya karatasi yako si bei ya hapa. Hii ni bei ya zamani."

Hata sikukasirika kwanza. Niliingia kwenye gari na binti yangu tukaenda Koboko, na tulipofika Mwalimu alikuwa mezani, kidole mdomoni.

Aliapa kwamba bei mpya aliiandika. Binti akatafuta, hakuiona. Akamuuliza kama aliona mafaili mawili. Akasema ndiyo, na kwamba alibakisha la mwisho kuandikwa, kama afanyavyo siku zote. Binti akamuuliza aliandika lake saa ngapi. Saa kumi jioni, alisema, kwa saa yake ya mkono, akiwa anakaribia kufunga. Nami najua binti yangu aliongeza usafiri saa tisa na nusu, kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake namharakisha twende kanisani. Basi, faili la Mwalimu ndilo lililokuwa la mwisho. Kwa nini alitupa la kwake?

Binti akatazama kona ya skrini. Halafu akasema polepole, "Mwalimu, saa yako ya mkono sasa hivi inasema nini?"

"Saa tisa kamili."

"Na kompyuta?"

Mwalimu akasogeza uso karibu. "Kumi na nne."

"Saa tisa yetu kwa mashine ni kumi na tano, Mwalimu. Si kumi na nne. Hii iko nyuma saa nzima."

Akaomba ile simu. Simu ilikuwa imeegemezwa dirishani upande wa magharibi, na juu ya skrini yake kulikuwa na jina la kampuni ya Congo. Pale Koboko mpaka uko karibu hivyo, simu inaokota mnara wa ng'ambo bila kumuuliza mwenyewe, na ng'ambo saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kila asubuhi Mwalimu alikuwa akiiwekea kompyuta yangu saa ya Congo. Aliyoyaandika saa kumi, kompyuta iliyaandika saa tisa. Kwa hiyo kila mara mafaili yalipogongana, kazi ya Koboko ilionekana imetangulia, na Mwalimu akaitupa kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa ya kanisani, inakuwaje mtu anayewasimamisha madereva getini kwa kuchelewa kidogo akae na mashine iliyopotea saa nzima mbele ya pua yake.

Hakutikisika. "Hii mashine haijakubaliana na mimi hata siku moja. Mimi nasema tisa, yenyewe inasema kumi na nne. Mimi nasema mbili, yenyewe inasema saba. Nikajua mutu iko na saa yake, mashine iko na yake."

Wapakiaji waliokuwa mlangoni walitikisa vichwa, wanakubaliana naye. Ndicho kilichonimaliza. Hakuna aliyeona ubaya. Sote tumekua tukihesabu saa kwa jua huku mashine zikihesabu kivyao, na katika mwanya huo saa nzima iliweza kujificha.

Nilimwambia amalize siku aende nyumbani, asirudi. Hakubisha. Aliniuliza tu kama nataka amkabidhi nani ofisi. Nikasema sitaki kukabidhiwa kitu chochote, nikatoka nje nikatema mate.

Huko Arua nilikwenda kwa bibi wa manunuzi wa lile shirika. Sikumwomba, mimi siombi. Nilimweleza. Alikuwa mtu wa haki, alisikiliza mpaka mwisho. Akasema bei iliyosainiwa ni bei, lakini nikiweza kumwonyesha lile faili lenye bei mpya, lililoandikwa kabla ya siku ya kufunga zabuni, yeye atalipeleka kwa kamati, na kamati huwa inaelewa makosa ya namna hiyo. Bila faili, nitoe mbao kwa bei niliyoandika, au nijitoe, na nikijitoa najua kinachofuata.

Binti yangu akasema matumaini yapo. Ukitupa kitu kutoka kwenye wingu hakifi mara moja. Kinakaa kwenye pipa la taka la wingu kwa majuma kadhaa, unaweza kukirudisha, na tarehe zake zinabaki. Kompyuta ya Arua haikuwa nacho, lakini pipa la juu, la wingu lenyewe, linafunguliwa kwa kuingia kwenye akaunti kupitia mtandao. Akajaribu. Akaunti ikataka namba ya siri inayotumwa kwa simu iliyoifungua. Na simu iliyoifungua ilikuwa ya Mwalimu, maana akaunti tuliifungulia Koboko kwa mtandao wa simu yake.

Hivyo ndivyo mimi, mwenye malori, nilivyokwenda Adumi, kijijini alikorudi, kumtafuta mzee niliyemfukuza.

Tulimkuta nje ya nyumba yake, anatandaza muhogo juu ya mwamba ukauke. Hakuwa na koti. Sikuwahi kumwona bila koti, na nilishtuka, hapana, sikushtuka, niliona tu jinsi mabega yake yalivyokuwa madogo. Mkewe alituletea viti, akamkumbatia binti yangu, akanipa mimi mkono bila kunitazama. Mwalimu yeye alifurahi. Alimuuliza binti habari za masomo kama vile bado yuko shule. Mimi aliniambia, "Kumbe unaijua njia ya Adumi. Karibu, mtoto."

Nikamweleza tulichokuja kutafuta. Nilidhani atanifanya nisubiri, atadai kitu, atataka nimwombe radhi mbele ya mkewe. Mimi ningedai. Yeye aliingia ndani akatoka na simu. Ilikuwa imeshika mnara wa Congo tena, kwa kuwa Adumi nayo iko jirani na huko, kwa hiyo tulipanda naye mpaka kwenye kilima nyuma ya kanisa, polepole, magoti yake yakilia. Njiani alinieleza kwamba amefikiri sana habari ya ile saa.

"Kumbe nimeishi Congo mwaka mzima bila kuvuka," alisema, akacheka hadi akakohoa.

Juu ya kilima simu ikarudi Uganda. Binti yangu akafungua kompyuta yake ya kubeba juu ya jiwe, akaomba namba, namba ikaingia, Mwalimu akaisoma kwa sauti ya kuita majina darasani, tarakimu moja moja. Mlango ukafunguka. Mafaili yetu yote yakaonekana. Binti akabonyeza pipa la taka.

Lilikuwa tupu.

Akalifunga, akalifungua tena. Tupu. Hakuna bei, hakuna hata picha ya mtu. Binti akaniangalia, mimi nikamwangalia Mwalimu, na Mwalimu alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama mtu anayengoja kusifiwa.

"Nilimwaga mwenyewe," alisema. "Siku ile uliponiambia niende. Ulikataa kukabidhiwa, lakini mimi nilikabidhi. Shuleni mwalimu akiondoka anafagia ofisi, anachoma takataka, ndio anatoa ufunguo. Nikafuta meza. Nikafuta ile kibodi na mafuta ya taa. Nikaingia mpaka kwa pipa ya wingu, nikamwaga yote. Sikutaka useme Mwalimu aliniachia uchafu."

Chini kule mtu alikuwa akipiga kengele ya kanisa kwa kipande cha chuma. Binti yangu aligeuka akatazama upande wa Congo, nikaona anajizuia, sijui kulia au kucheka. Mimi mdomo wangu ulijaa maji, kama mtu anayekaribia kutapika, na nilijua kwamba nikiufungua nitamwambia neno ambalo halitafutika. Mzee mchafu kuliko wote niliowahi kuajiri, na siku moja tu ya maisha yake aliyoamua kuwa msafi, akaichagua hiyo.

Akasoma uso wangu. Walimu wanajua kusoma uso. Taratibu mikono ikatoka nyuma, ikaning'inia. "Ilikuwa humo?" aliuliza.

"Ilikuwa humo, Mwalimu," binti yangu alisema.

Alikaa juu ya jiwe, kando ya kompyuta. Hakuomba msamaha, wala mimi sikuungoja. Alikaa tu akitazama lile pipa tupu kwenye skrini, kisha alitoa leso mfukoni akawa anataka kuifuta skrini, akakumbuka ni kompyuta ya nani, akairudisha. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitarajia. Aliuliza kama nitatoa mbao.

Nilimwambia nitatoa. Nilimwambia mimi sijawahi kuacha mzigo njiani na sitaanza sasa.

"Basi," alisema. "Dawati la nyuma limekuwa mtu."

Tuliteremka. Mkewe alikuwa ameweka chai na muhogo wa kuchemsha. Nilikula, maana kukataa kungekuwa kumpa Mwalimu somo lingine la kunifundisha. Nilipoinuka niliacha noti juu ya kiti nilichokalia, bila kusema, kwa kuwa mimi sitoki kwa mtu mikono mitupu hata nikiwa nimechefuka. Yeye aliiona, akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakuniita mtoto. Alinisindikiza hadi kwenye gari, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na ilikuwa inanata.

Mbao zote nimezitoa, lori baada ya lori, kwa bei ya zamani. Madarasa yamesimama, na jina langu liko palepale nilipoliweka. Kompyuta ya Koboko nimeiuza kama chuma chakavu. Watu huniuliza kazi ile ilinipa faida gani, nami huwaambia wamuulize binti yangu, yeye ndiye mhasibu. Alikaa na kikokotoo Jumapili mchana, akatoa tofauti ya bei ya kila ubao, akanisomea jumla, nami nikamwambia aongeze na ile noti ya Adumi, maana hasara ikihesabiwa ihesabiwe yote: shilingi milioni tisa, laki nne na elfu kumi.